SIMULIZI: Kuhe wa Katonga (hadithi ya maombi yaliyogeuka, kwa vijana)

#1 Bi Ujiji

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni. Humu nimesoma simulizi za watu kwa miaka, nimelala saa nane usiku nikisubiri mwendelezo. Leo naleta ya kwangu.

Niko Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, nafundisha Kiswahili sekondari. Kila Ijumaa jioni nakaa na wasichana kumi na wawili chini ya mwembe, tunasomeana hadithi. Ijumaa moja niliwasimulia ile ya Wajerumani, ya mvuvi aliyemkamata samaki mwenye kusema, akamwachia, halafu mkewe akawa anamrudisha ufukweni kila mara kwenda kuomba. Kwanza nyumba nzuri, kisha ngome, kisha awe mfalme, kisha kaizari, kisha papa, na mwisho akataka awe kama Mungu, wakajikuta wamerudi kwenye kibanda chao kilekile. Ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, waliichapisha 1812. Walikuwa wameipata kwa mchoraji Philipp Otto Runge, ambaye aliiandika kwa lahaja ya watu wa pwani ya kaskazini. Kinachonikaa mimi siku zote katika hadithi ile ni maji. Kila mvuvi akirudi kuomba, bahari imebadilika rangi: mara ya kwanza kijani na manjano, mara nyingine zambarau na nzito, mpaka inakuwa nyeusi na mawimbi marefu kama minara.

Nikamaliza, nikasubiri waniambie "mtaka yote hukosa yote", tufunge, twende nyumbani. Binti mmoja, mama yake anauza dagaa mwaloni, akaninyooshea mkono.

"Mwalimu, ile ngome ilitoka wapi?"

Nikamwambia ni kwa uwezo wa yule samaki.

"Hapana. Mawe yake. Yalikuwa ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa usiku mwingi namtafutia, na hiki ndicho nilichopata. Inatisha, kwa hiyo wenye watoto wadogo msiwasomee wakiwa wanakwenda kulala. Nitaileta kwa sehemu tatu.

Paukwa!

SEHEMU YA KWANZA

Katonga, pale mitumbwi inapopumzika, palikuwa na binti anaitwa Zaituni, miaka kumi na sita, akiishi na bibi yake. Baba alichukuliwa na ziwa mwaka ambao kusi ilivuma siku tisa bila kushusha pumzi. Mama alivuka ng'ambo ya Kongo kutafuta biashara, na ng'ambo ikambakiza hukohuko.

Bibi alikuwa haoni. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe kama maziwa yaliyopoa, akawa anawajua watu kwa nyayo zao. Kila baada ya magharibi alikuja Mwajuma, rafiki yake Zaituni, kumsomea. Mwajuma alisoma chochote chenye herufi: msahafu, karatasi ya dawa, gazeti lililofungiwa maandazi. Alikuwa na doa dogo la kahawia kwenye weupe wa jicho la kushoto, kama chembe ya majani ya chai, na wenzake shuleni walimcheka kwa hilo. Bibi peke yake ndiye hakuwahi kuliona.

Mwezi ukajaa. Anayejua ziwa anajua maana yake. Dagaa hufuata taa, na usiku wa mwezi mpevu ziwa zima ni taa moja, hakuna samaki wa kukufuata wewe. Karabai zikazimwa, nyavu zikaanikwa, wanaume wakacheza bao. Usiku wa tatu wa njaa, Zaituni alichukua mshipi wa marehemu baba yake akaenda peke yake kwenye mawe.

Mshipi ulivutwa mara moja tu, lakini kwa nguvu. Alipomfikisha juu ya jiwe aliona ni kuhe, mrefu kama mkono wake wote, manjano yenye mabaka meusi ubavuni. Akainua rungu.

"Niache," akasema kuhe. "Mwenzangu wamemvua jana. Wanangu wapo pale mchangani na wamebaki na mimi peke yangu."

Maji ya Katonga ni maangavu. Zaituni akatazama, na kwa mwanga wa mwezi akaona kweli, karibu na chini, kiwingu cha vifaranga kinatetemeka mahali pamoja. Na pembeni ya kiwingu, samaki wengine wamejipanga kimya, wanangoja.

Alimtoa ndoana taratibu ili asimchane mdomo, akamrudisha.

Kuhe alizunguka wanawe mara mbili, akarudi kwenye jiwe. "Umeniacha ukiwa na njaa. Nina deni kwako. Omba, na ukija tena omba tena, sitakukatalia. Ila nisikilize. Mimi siumbi. Anayeumba ni Mmoja. Mimi nahamisha tu."

Lakini mwenye njaa halisikii neno la pili.

"Dagaa," alisema Zaituni. "Debe moja."

#2 Dada wa Kasulu

Pakawa! Nimeweka kambi hapa, mwalimu. Hilo la "nahamisha tu" limenipiga. Shusha ya pili tafadhali.

#3 Mzee wa Mwalo

Mwalimu, nimevua ziwa hili tangu sijaota ndevu. Umesema kweli kuhusu mbalamwezi. Na kuhusu kuhe umesema kweli kuliko unavyodhani. Hao hulinda wana wakiwa wawili, dume na jike, mmoja hatoshi. Ukimvua mmoja, vifaranga huliwa. Sisi hatukuwa tunafikiria hivyo zamani. Tukiona kuhe hachezi mbali na mahali pamoja tulifurahi, maana ni rahisi kumpata. Nimewala wengi wa namna hiyo. Endelea mwanangu.

#4 Kaka wa Reli

Niko Tabora hapa nafuatilia. Swali langu sina nia mbaya: kwa nini uanze na hadithi ya Wajerumani? Wanyamwezi, Waha, Wamanyema wote tuna hadithi za matamanio. Fisi aliyefuata njia mbili mpaka akapasuka msamba. Majini wa visimani. Kwa nini tuazime?

#5 Bi Ujiji

Kaka wa Reli, asante, na swali lako ni la haki. Nakujibu kwa kitu unachokijua, maana njia yake ilipita hapohapo kwenu.

Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Wakaifungua vipande, wakavifunga kwenye makasha, vikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, vikapanda reli kuja magharibi. Hapa Kigoma ikaunganishwa upya, ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiipate. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini na jina la ziwa lenyewe, maana Liemba ni jina la zamani la ziwa hili. Bibi yangu mzaa mama aliisafiria akiwa na mtoto mgongoni na viroba vya mawese. Hakuna mtu wa Kigoma anayeiona ni ya wageni.

Na hadithi nimeifanyia hivyohivyo. Nimeifungua bolti moja moja. Mke mwenye tamaa nimemwacha Ujerumani, kwa sababu nimechoka kuwasomea wasichana wangu hadithi ambazo kila balaa lina mwanamke nyuma yake. Samaki nimembadilisha. Maji yanayobadilika rangi nimeyabakiza, kwa kuwa ziwa letu nalo hubadilika, anayekaa kando yake anajua. Na hadithi za fisi nawasimulia pia, Ijumaa nyingine.

SEHEMU YA PILI

Asubuhi debe lilikuwa mlangoni, limejaa mpaka shingoni, dagaa wakavu, weupe, wa daraja la kwanza. Zaituni alipika, bibi akala mpaka akacheka. Chini kabisa ya debe alikuta kitambaa cha kanga ya bluu kimefungwa fundo.

Alikijua. Ni cha mjane wa nyumba ya tatu, ambaye hufunga hivyo kila kichanja chake ili asichanganye mzigo na wa wenzake. Nje alisikia sauti yake akiuliza watu kama wameona mbwa, kama wameona watoto, nani amepita usiku.

Zaituni alikitia kitambaa kwenye moto wa jiko.

Mvua zilipoanza aliomba mabati, kwa sababu maji yalimnyeshea bibi kitandani. Alikuta mabati kumi na mawili yamepangwa uani, na yote yalikuwa na matundu ya misumari tayari. Wiki hiyo darasa la tatu walisomea juani. Alipita mbele yao akitazama miguu yake.

Baada ya lile debe, maji ya Katonga yalikuwa yamekuwa ya kijani. Alipokwenda kuomba mabati aliyakuta rangi ya mawese mabichi, mekundu na mazito, na mawimbi hayakuwa na sauti.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipokaa siku nyingi zaidi. Zaituni hakuwa mjinga, wala hakuwa mbaya. Aliapa hatakwenda tena. Alimlipa mjane kwa kumtekea maji mwezi mzima bila kumwambia kwa nini. Lakini bibi alianguka kwenye ngazi ya mawe akapasuka goti, na usiku alimsikia akilia polepole ili asisikike. Basi Zaituni akaanza kuongea na nafsi yake. Dagaa ni mali ya mtu, alijiambia. Bati ni mali ya mtu. Lakini kuona si mali. Kuona ni kupona. Anayepona hamwibii mtu kupona kwake.

Alikwenda. Maji yalikuwa meusi kama masizi ya sufuria, na kuhe alichelewa kuja.

"Bibi yangu aone."

"Nihamishe?" akauliza kuhe.

"Ndiyo."

"Nihamishe?"

"Nimesema ndiyo."

"Nihamishe, Zaituni?"

Akapiga maji kwa kiganja. "Hamisha!"

Alfajiri aliamshwa na mikono ya bibi usoni mwake. Bibi alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka, anamtazama, machozi yanamdondoka. "Kumbe umefanana na baba yako," alisema. "Kumbe una kovu hapa. Nani alikuumiza hapa?" Zaituni alicheka, akamkumbatia, akamshika uso kwa mikono miwili ili ayaone yale macho vizuri, safi, hayana utando.

Kwenye weupe wa jicho la kushoto palikuwa na doa dogo la kahawia, kama chembe ya majani ya chai.

Jioni ile baada ya magharibi Mwajuma hakuja kusoma.

#6 Dada wa Kasulu

Jamani. JAMANI. Nimeiweka simu chini nikaenda kunywa maji. Doa! Ulilitaja mapema nikalipita kama pambo.

#7 Kaka wa Reli

Nimekubali hoja ya Liemba, mwalimu. Na nimesoma sehemu hii mara mbili. Lakini nina mdogo wangu wa kike wa miaka kumi na nne, nimejiuliza kama nimpe asome. Hii si nzito mno kwa umri huo? Tunawapa watoto hofu ya kuomba?

#8 Bi Ujiji

Nalichukua swali lako kwa uzito, kaka, kwa sababu mkuu wangu mmoja wa kazi aliniuliza hilohilo na tukaachana vibaya.

Hadithi hizi zimekuwa zikilainishwa tangu mwanzo. Katika chapa ya 1812 ya ndugu Grimm, kwenye hadithi ya Theluji Nyeupe (Snow White), yule anayetaka binti mzuri auawe kwa wivu ni mama yake mzazi. Watu wakalalamika kwamba kitabu hakifai watoto, na kufikia chapa ya 1819 mama akawa mama wa kambo. Waliendelea kurekebisha hivyo mpaka chapa ya saba, 1857. Nawaelewa. Lakini nawaza juu ya mtoto ambaye nyumbani kwake tatizo lilikuwa ni mama mzazi hasa. Hadithi iliyomtaja ilifutwa, akabaki peke yake.

Wasichana wangu hawahitaji mimi niwafundishe hofu. Mmoja aliolewa dada yake ili kaka asome. Hakuna aliyemwambia kwa maneno hayo, aliona mwenyewe: mahari iliingia Jumamosi, kaka akaripoti shule Jumatatu. Yule anajua kuhamisha ni nini kuliko mimi.

Na niwaambie jambo langu. Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Siku za giza sikumwona. Aliondoka jua likizama, akarudi asubuhi, akalala. Siku za mbalamwezi alikuwa wetu. Alitutengenezea mitumbwi ya maganda, alitubeba, alituimbia. Nilipokuwa na miaka saba nilitandika mkeka wangu wa kuswalia nyuma ya choo ili wenzangu wasinione, nikamwomba Mungu mbalamwezi isiishe.

Mwezi ule ukafika wakati wa giza na baba hakutoka. Mtumbwi wa tajiri aliokuwa akifanyia kazi ulikuwa umepasuka, ukasubiri mbao. Akakaa nyumbani wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Hakutuimbia tena. Nilitumwa dukani kukopa unga, na mwenye duka alifungua daftari la madeni, akalamba kidole, akaandika jina la baba yangu, akalipigia mstari chini kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika. Naliona lile tundu mpaka leo. Niliamini ni mimi. Niliamini hivyo miaka mingi na sikumwambia mtu, kwa sababu sikuwahi kusikia hadithi yoyote ya mtoto aliyeomba jambo zuri likatoka vibaya. Zote zilikuwa za wenye tamaa, na mimi sikuwa na tamaa. Nilimtaka baba.

Mpe mdogo wako asome, kaka. Kaa naye.

#9 Mzee wa Mwalo

Mwalimu, huenda nilimfahamu baba yako, na kama simfahamu nafahamu wengi kama yeye.

Nitasema moja. 2024 serikali ilipofunga ziwa miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wazae, mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema lifungwe. Kila mwaka tulikuwa tunakwenda mbali zaidi kupata kidogo zaidi. Tuliomba samaki warudi. Lakini walioishi zile siku tisini na kitu si ziwa peke yake. Ni akina mama wa kuanika, wabeba mizigo, watoto wa mitumbwi. Nilimwona mama akiuza vyombo vyake vya harusi. Sisemi lisifungwe. Nasema niliinua mkono wangu kwenye mkutano bila kugeuka nyuma kuona nani amekaa pale.

#10 Bi Ujiji

Mzee wangu, nimesoma maneno yako mara nyingi. Shikamoo. Nilianza kuiandika hadithi hii miezi ileile.

SEHEMU YA MWISHO

Mwajuma alikuwa amekaa kitandani kwao, uso ameuelekeza ukutani, na macho yake yalikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyopoa. Mama yake alisema ni homa. Baba yake alisema ni husuda. Aliposikia nyayo mlangoni Mwajuma aligeuka.

"Zaituni," alisema. "Njoo unisomee kitu."

Zaituni alikimbia mpaka Katonga. Mwezi ulikuwa umekwisha, hakuona maji, aliyasikia tu yakipanda na kushuka.

"Mrudishie!"

"Naweza," alisema kuhe. "Ila bibi yako atabaki na mashimo. Macho yake ya kwanza yakitoka kwa Mwajuma yatazama vilindini." Na anayejua ziwa letu anajua habari ya vilindi vile. Ni mita 1,470 kwenda chini, na kuanzia mita mia mbili hivi hakuna hewa ya samaki kuvuta, hakuna samaki anayeishi, na kinachozama huko hakirudi. "Lazima pawe na wa tatu. Taja jina."

"Chukua yangu."

"Aombaye hahamishwi. Ingekuwa rahisi hivyo, nani angenijia mara ya pili?"

Akakaa juu ya jiwe. Mara zote tatu hakuwa amejua jina, au alijifanya hajui, na sasa yalimjia yote. Tajiri wa mwaloni aliyewapunja marehemu baba yake. Mwalimu aliyemchapa hadharani. Mwanamume fulani ambaye jina lake hakulitamka hata moyoni. Alianza na huyo. Akafungua kinywa. Akamwona anapapasa ukuta wa nyumba yake, na watoto wake wanne wanamtazama, na wa mwisho bado anatambaa.

Akakaa mpaka majogoo ya kwanza.

"Wewe," alisema.

Maji yalisimama.

"Nilikuomba uniache nilee," alisema kuhe.

"Najua."

"Siwezi kukukatalia."

"Najua."

"Basi sema neno lake."

Alilisema polepole, na safari hii alikuwa akimtazama. "Hamisha."

Mwajuma aliona asubuhi hiyo. Alisoma karatasi ya dawa mpaka mwisho, akalia, akaisoma tena. Bibi naye aliendelea kuona, ila macho yake yalikuwa yamebadilika. Yalikuwa ya mviringo, yenye duara la dhahabu, na hayakuwa yakipepesa. Alilala yakiwa wazi. Watoto wa jirani waliacha kuja kumsalimia. Mchana jua lilimsumbua, akakaa ndani, lakini usiku wa giza alitembea uani bila taa na kuokota sindano iliyodondoka mchangani.

Zaituni hakulala nyumbani tena. Kila jua likizama alifunga kanga kiunoni, akachukua fimbo ndefu ya baba yake ya kusukumia mtumbwi, akaingia majini mpaka kifuani, pale mchangani. Kuhe alikuwa pale, anazunguka wanawe, anajigonga kwenye mawe. Wale samaki wengine walikuwa wamejipanga. Zaituni alipiga maji kushoto, akapiga kulia. Lakini giza lilikuwa giza, naye alikuwa na macho ya mtu. Usiku wa kwanza kiwingu kilipungua nusu. Usiku wa pili kikapungua tena. Alipiga mpaka mabega yakafa ganzi na hakujua kama anawafukuza au anawaua mwenyewe.

Usiku wa tatu alisikia nyayo kwenye mawe nyuma yake. Mtu alivua kandambili, moja, kisha ya pili, akaketi.

Zaituni hakugeuka. Aliogopa kuulizwa.

Bibi hakumuuliza. Alikaa kimya muda mrefu akitazama ndani ya maji kwa yale macho yasiyofumba.

"Kushoto kwako, mjukuu wangu," alisema. "Chini kidogo. Anakuja mmoja."

Zaituni akapiga.

"Mwingine. Nyuma ya jiwe."

#11 Dada wa Kasulu

Nimelia wazi, sioni haya. Swali moja tu: bibi alijua? Alijua macho ni ya nani?

#12 Bi Ujiji

Nadhani alijua tangu ile asubuhi ya kwanza, ya doa. Mwajuma alimsomea miaka. Bibi aliyejua watu kwa nyayo zao hangekosa kujua ni jioni gani nyayo zipi hazikuja. Ila alikuwa ameona uso wa mjukuu wake kwa mara ya kwanza, akanyamaza siku ile. Siku moja. Sikuliandika hilo kwa sababu sikuwa na moyo wa kumfanyia, lakini wewe umeuliza na siwezi kukudanganya.

#13 Kaka wa Reli

Nimemsomea mdogo wangu leo mchana, zote tatu. Hakusema neno. Halafu akaenda jikoni akarudi, akaniuliza zile hela za simu yangu mpya zilitoka wapi. Nimemjibu ukweli. Tumeongea mpaka saa mbili hii.

#14 Mzee wa Mwalo

Mwalimu, wangapi walibaki? Vifaranga.

#15 Bi Ujiji

Mzee wangu, hilohilo ndilo aliloniuliza yule binti wa swali la ngome, Ijumaa hii, nilipowasomea mwisho. Nilimwambia sijaamua. Akasema mama yake akirudi mwaloni usiku huwa anawahesabu yeye na wadogo zake kwa kuwagusa vichwa gizani, mmoja mmoja, bila kuwasha taa ili asiwaamshe. Akasema bibi naye awahesabu.

Nimeongeza mstari huo kwenye daftari langu. Bibi anahesabu. Namba anayofikia sijaiandika bado. Kesho usiku nitashuka Katonga kukaa kwenye mawe, nione kama itanijia.

#16 Mzee wa Mwalo

Ukija kesho nipo kwenye mitumbwi ya kaskazini, ulizia tu. Mwezi unaanza kujaa, hatutoki. Nitakuonyesha mahali wanapolelea.